Shahada ya Kilimo Uganda: Unacholipia na Usicholipia

Kwa anayetaka kuwa afisa kilimo wa gombolola (ngazi ya chini ya wilaya), shahada ya miaka minne inamtosha, na pengine hata diploma ya miaka miwili ingemfikisha. Kwa anayetaka kuwa mtafiti, yaani mtu wa kutoa aina mpya ya maharage au kueleza kwa nini mihogo inaozea ardhini, shahada hiyo ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni uzamili, na mlango wa uzamili hufunguka au hufungwa kabla hujamaliza mwaka wa tatu. Vipeperushi vya vyuo havisemi hivyo. Tathmini hii inapima huduma yenyewe: unaingiaje, unapewa nini, panavuja wapi, na nani apite njia gani.

Kuingia

Kwenye S.6 (mwaka wa sita wa sekondari) nguzo ni baiolojia na kemia. Ubishi wa nyumbani huwa ni somo la tatu. Wazazi wengi hupenda somo la kilimo (mchepuo wa BCA: baiolojia, kemia, kilimo) kwa kuwa jina lake linafanana na kazi yenyewe. Si baya, linakuzoesha mapema mambo ya udongo na mifugo, lakini mengi ya hayo utafundishwa upya mwaka wa kwanza chuoni, ilhali pengo la hesabu hakuna atakayekuzibia. Anayeziweza hesabu achukue BCM, ambamo hesabu ndiyo somo la tatu. Anayechukua BCA au BCG (yenye jiografia), basi kwenye somo dogo (subsidiary) achague hesabu na kuiacha kompyuta. Kompyuta utajifunza njiani. Takwimu za majaribio zinakusubiri chuoni, na ndizo zinazowaangusha wengi.

Vyuo vikuu vya umma huwapanga waombaji kwa uzani. Alama A ni pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2 na O 1. Masomo mawili ya msingi wa kozi huzidishwa kwa 3, somo linalohusiana nayo huzidishwa kwa 2, na masomo madogo huhesabiwa mara 1. Mwenye B ya baiolojia, C ya kemia na D ya somo la tatu anapata 15 + 12 + 6, jumla 33, kabla ya masomo madogo na nyongeza ya S.4. Wasichana huongezewa 1.5. Kwa hesabu hiyo, kushuka daraja moja kwenye kemia kunakugharimu pointi 3, na kwenye somo la tatu pointi 2. Mwanafunzi wa S.5 anayegawa saa zake za kusoma sawa kwa sawa hajaiona hesabu hii.

Kosa la kila mwaka ni kujaza fomu kwa kufuata uvumi wa mwaka jana. Karatasi ya uzani hutolewa na chuo, na somo lililo la msingi kwenye kozi moja ya kilimo laweza kuwa la pembeni kwenye kozi jirani, mathalani sayansi ya chakula au uchumi wa kilimo. Isome karatasi ya mwaka unaoomba. Na kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kozi yenyewe, si chuo peke yake, imo kwenye orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE), na muda wake wa kibali haujapita. Kozi yenye kibali kilichokwisha ni tatizo utakaloligundua siku unapowasilisha vyeti kwa mwajiri.

Makerere au kwingine?

Makerere inashinda kwa sababu ambayo haimo darasani: jiografia. Kituo chake cha utafiti, Kabanyolo, kiko upande wa Gayaza, kiasi cha kilomita 20 kutoka Kampala. Ukiendelea na barabara ya Zirobwe unafika Namulonge, makao ya utafiti wa mazao wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, na jirani yake ni Sendusu, kituo cha IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki. Upande wa barabara ya Bombo kuna Kawanda, maabara za taifa za udongo, migomba na magonjwa, ambako pia wanasayansi wa maharage wa CIAT (kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki) wameweka kambi. Mwanafunzi mwenye nauli ya teksi anaweza kuwafikia watafiti wa mihogo, mahindi, maharage, viazi vitamu na matooke bila kulala njiani. Hakuna chuo kingine nchini chenye utajiri huo mlangoni.

Udhaifu wake ni ule wa vyuo vikubwa vya umma kote: vitendo vya makundi makubwa, ambapo watatu wanashika kifaa na waliobaki wanapiga picha.

Gulu inafaa kwa anayetaka mifumo ya kaskazini, na Ngetta ya NARO, karibu na Lira, haiko mbali. Busitema ndiyo ya zana, umwagiliaji na uhandisi wa kilimo. Kampasi yake ya Arapai, Soroti, ni ya mifugo na mazao, na Serere, kituo cha mtama, ulezi na karanga, iko jirani. Uganda Martyrs ya Nkozi ina jina kwenye kilimo-ikolojia. Kyambogo ichukuliwe na anayetaka kufundisha.

Njia ya diploma inadharauliwa bila sababu. Bukalasa, pale Wobulenzi katika wilaya ya Luweero, imekuwepo tangu 1920, na mhitimu wake hutoka na mikono inayojua kazi. Mpe bomba la mgongoni la lita 16 na kiuagugu cha lita 2.5 kwa hekta. Atapima eneo la mita 10 kwa 10, atalinyunyizia maji matupu kwa mwendo wake wa kawaida, aone yametumika lita 2. Hiyo ni lita 200 kwa hekta, kwa hiyo bomba moja linatosha mita za mraba 800, na dawa ya kutia ni mililita 200. Wahitimu wengi wa shahada watakuambia utie vifuniko viwili.

Kasoro ya njia hii ni muda na nadharia. Nafasi za kupanda kutoka diploma hadi shahada ni chache, wenye diploma za juu ndio hubebwa, na kemia na takwimu huwa nzito kwa aliyekaa miaka miwili shambani bila kuzigusa. Lakini aliyepita hapo na bado akafika uzamili ni mtafiti ambaye vibarua hawamdanganyi.

Mvua haifuati semesta

Hapa ndipo huduma inapovuja zaidi, na hakuna anayemwonya mwanafunzi. Mwaka wa masomo huanza Agosti, na semesta ya kwanza huisha Desemba. Mvua za pili katikati ya nchi hushika kati ya mwisho wa Agosti na Novemba. Ukipanda mahindi ya Longe 5 katikati ya Septemba, inahitaji karibu siku 115, kwa hiyo inakomaa Januari, chuo kimefungwa na wewe uko kijijini Kumi au Kasese. Matokeo yake ni miradi ya mwaka wa mwisho yenye urefu wa mimea na tarehe za kutoa maua lakini haina mavuno, au yenye mavuno yaliyovunwa na kibarua na kutumwa kwa simu.

Maharage ndiyo dawa. Aina nyingi za NABE hukomaa ndani ya siku 65 hadi 85, kwa hiyo yaliyopandwa katikati ya Septemba huvunwa kabla ya mitihani au wakati wake. Mvua za kwanza ni hivyohivyo: mahindi ya Machi yanavunwa Julai baada ya semesta ya pili kufungwa, maharage ya Machi yanakuwahi. Mihogo inataka mwaka mzima. Mgomba unataka zaidi ya mwaka hadi mkungu wa kwanza. Mazao hayo mawili yaguswe na mwanafunzi wa shahada ya kwanza iwapo tu anaingia kwenye jaribio lililokwisha kupandwa na mradi wa mtu mwingine. Na Karamoja msimu ni mmoja tu: ukame ukipita na ploti zako, unasubiri mwaka ujao.

Ili kupanda Septemba, ardhi iwe imelimwa Agosti, mbegu iwe mkononi, na pendekezo la utafiti liwe limesainiwa kabla ya likizo ndefu. Anayeanza kutafuta msimamizi wiki ya pili ya semesta tayari amechelewa msimu.

Ploti moja, majibu matatu

Kipimo rahisi cha ubora wa kozi yoyote ya kilimo ni kumwuliza mhitimu wake akokotoe mavuno ya ploti moja. Chukua ploti ya kawaida ya mahindi: mistari minne ya mita 5, nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, sawa na mimea 44,444 kwa hekta. Mistari miwili ya pembeni haivunwi kwa ajili ya data, kwa kuwa mimea yake inapata mwanga na mbolea ya jirani. Unavuna miwili ya kati: 2 × 0.75 × 5, yaani mita za mraba 7.5. Tuseme umepukuchua kilo 6, na kipima unyevu kinasoma asilimia 20.

Nafaka hulinganishwa ikiwa na unyevu wa asilimia 12.5. Kwa hiyo kilo 6 × 80 ÷ 87.5 zinakuwa kilo 5.49. Gawa kwa 7.5, zidisha kwa 10,000, unapata tani 7.3 kwa hekta. Aliyesahau unyevu ataandika tani 8.0. Aliyegawa kwa eneo la mistari yote minne, na unyevu akausahau, ataandika 4.0. Majibu matatu, ploti ileile, na kila moja linaonekana la kuaminika kwenye ripoti. Wa tani 8.0 ndiye hatari kuliko wote, maana kosa lake si la kushtua: aina iliyochelewa kukauka itaonekana bora kuliko iliyokauka mapema, na itapendekezwa kwa wakulima.

Kabla ya kuvuna huhesabiwa mashina yaliyosimama. Mstari wa mita 5 unapaswa kuwa na mashina kama 17. Ikiwa nguruwe-pori au mchwa wameacha 9, lazima daftari liseme hivyo siku hiyohiyo. Pengo likijulikana, linaweza kushughulikiwa kwenye uchambuzi. Likifichwa, marudio yako matatu au manne hayana faida.

Mambo haya hufundishwa kwa kufanya. Uliza chuo: mwanafunzi anapewa ploti yake binafsi au ya watu ishirini? Kipima unyevu kipo, na kinafanya kazi? Somo la takwimu linafanyiwa kwenye programu gani? R haina leseni ya kulipia, kwa hiyo kisingizio cha pesa hakipo.

Fildi: miezi miwili inayoamua yote

Mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopotezwa zaidi. Wengi hupeleka barua kwenye ofisi ya wilaya yao kwa sababu watalala nyumbani. Kwa anayetaka ugani, sawa. Kwa anayetaka utafiti, miezi hiyo iwe kwenye kituo: Namulonge, Kawanda, Serere, Kituza ya kahawa, Mbarara, Kachwekano upande wa Kabale, Bulindi, Abi.

Usiombe kituo, omba programu. Barua inayosema "naomba nafasi Namulonge" huishia kwenye faili. Inayosema "naomba kufanya kazi na programu ya mihogo, hasa kwenye tathmini ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia" inapelekwa kwa mtu. Ipeleke miezi mitatu au minne mapema, pamoja na barua ya chuo na matokeo yako. Nenda na gambuti, koti la mvua, daftari gumu na penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye umande wa saa moja asubuhi.

Mfano wa unachotakiwa kurudi nacho. Kwenye mihogo, ugonjwa wa batobato hupimwa kwa majani, kipimo cha 1 hadi 5, 1 ikiwa hakuna dalili. Inzi weupe huhesabiwa kwenye majani matano ya juu, asubuhi mapema kabla hawajachangamka, kwa kugeuza jani taratibu kwa bua lake. Michirizi ya kahawia ni mjanja zaidi: shina laweza kuonekana zima huku mizizi imeoza kwa ndani, kwa hiyo wakati wa kuvuna kila mzizi hukatwa vipande na nyama yake kupewa alama. Anayepima majani tu ataipitisha aina ambayo mkulima ataichimba na kuitupa.

Ukiona wiki ya kwanza imepita kwa palizi na kubeba chai, omba kwa adabu ukabidhiwe daftari la jaribio moja na uandike data yake mpaka mwisho. Palizi haikwepeki, na mtafiti asiyepalilia haijui ploti yake, ila palizi peke yake haiandikiwi barua ya mapendekezo. Barua hiyo ndiyo unayoifuata, kwani watakaokupokea kwenye uzamili ni haohao.

Uzamili na fedha zake

Kwenye mfumo wa pointi 5, daraja la pili la juu huanzia 3.60. Chini ya hapo ufadhili mwingi unakupita. Linda alama za mwaka wa kwanza, kwani zinaingia kwenye wastani kama za mwaka wa nne.

Makerere ina kituo cha kanda cha uboreshaji wa mazao, MaRCCI, kinachotoa uzamili na uzamivu, na hicho ndicho tunachokipa alama ya juu kuliko huduma zote zilizotajwa hapa. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao Kampala, hutoa ruzuku za utafiti zinazosomesha wanafunzi wa uzamili, lakini anayeomba ni mhadhiri, wala si mwanafunzi. Maana yake ni kwamba usitafute tangazo la ufadhili. Mtafute mhadhiri aliyepata ruzuku karibuni.

Karatasi zinasema miaka miwili. Kwa kuwa jaribio la shambani lenye heshima linataka misimu miwili au maeneo mawili au zaidi, fedha zikichelewa wiki sita tu umepoteza mvua, na kuipoteza mvua ni miezi sita. Pangia hilo kodi ya nyumba. Mikopo ya Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESFB), iliyoanzishwa kwa sheria ya 2014, inawasaidia wa shahada ya kwanza na diploma kwenye sayansi kulipa karo na ada za chuo. Chakula na malazi ni juu yako.

Kazi

Afisa kilimo huajiriwa na wilaya kupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya. Mwenye diploma huingia kama msaidizi. NARO humtaka afisa mtafiti awe na uzamili, na vyuo vikuu humtaka mhadhiri awe na uzamivu. Mishahara ya wanasayansi serikalini ilipandishwa mwaka 2022, jambo lililofanya foleni kuwa ndefu. Wakati huohuo taasisi zinapunguzwa: mamlaka ya kahawa ilirudishwa chini ya Wizara ya Kilimo kwa sheria ya 2024. Anayelenga shirika fulani afuatilie kwanza kama bado lipo.

Anayetaka uhandisi wa jeni ajue anaingia wapi. Bunge lilipitisha muswada wa usalama wa bioteknolojia mwaka 2017 na tena 2018, Rais akaurudisha mara zote mbili. Matooke yaliyobadilishwa jeni yamejaribiwa Kawanda ndani ya uzio tangu 2007, na hayajafika kwa mkulima. Uzalishaji wa miche kwa tishu na uchaguzi wa mimea kwa viashiria vya DNA havina kizuizi hicho na vina ajira. Uboreshaji wa mazao kwa njia ya kawaida nao haujazeeka: Robert Mwanga, Mganda aliyefanya kazi ya viazi vitamu Namulonge kabla ya kuhamia CIP (kituo cha kimataifa cha viazi), alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Na kutu ya ngano inayoitwa Ug99 iligunduliwa Kalengyere, kituo kidogo cha milimani upande wa Kabale, na watu waliokuwa wakitazama mimea yao kwa macho.

Wengi huanza kama wasaidizi wa utafiti kwa mkataba wa mradi. Usome mkataba mpaka chini. Tarehe ya mwisho huwa ya mradi, si yako, na fedha za mfadhili zikisimama katikati ya msimu, mshahara husimama na ploti zikiwa bado za kijani. Kabla ya kusaini, ulizia mambo mawili na yaandikwe: kama jina lako litakuwamo kwenye makala itakayotokana na data uliyokusanya, na kama unaruhusiwa kuitumia data hiyo kwenye tasnifu ya uzamili. Wasimamizi wazuri hukubali papo hapo.